Mradi wenu wa kijamii muusajili kama nini: kampuni, NGO, ushirika au kikundi? (Kwa walioko Tanzania Bara)

Nianze na Pangani maana ndo nilikojifunzia hili somo. Kule minazi ni mingi na vifuu vinatupwa hovyo, akina mama kumi na sita wakajiunga wakaanza kutengeneza mkaa mbadala. Vifuu vinachomwa kwenye pipa mpaka vinageuka mkaa, vinasagwa, unga wake unachanganywa na uji wa muhogo (uji ukiwa mwepesi mkaa unamomonyoka, ukizidi uzito unanata kwenye mashine), unapitishwa mashineni unatoka vipande vipande, mnaanika. Kazi nzuri, inapunguza kukata miti na inawaingizia kipato, na faida walikubaliana sehemu moja waigawane, nyingine inunue daftari na sare za watoto yatima wa pale mtaani.

Akatokea mfadhili mdogo anataka kuwapa mashine ya kukandamiza, sharti wawe wamesajiliwa, na muda aliowapa ulikuwa mfupi. Mtu akawaambia kampuni ndo haraka. Sasa kati ya wale kumi na sita, wenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na TIN (namba ya mlipakodi) mkononi walikuwa wawili tu, basi wakaandikwa hao wawili kama wanahisa nusu kwa nusu, wengine "tutawaongeza baadaye". Baadaye haikufika. Mwaka wa pili mmoja wa wale wawili akafariki, wanawe wakaja na karatasi ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, vijana wastaarabu kabisa, wanauliza nusu ya mama yao iko wapi. Mimi nimeitwa nisaidie, nimefika namkuta mama mweka hazina anakoroga uji wa muhogo, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na hata kiti sijapewa akaniuliza, "Mwanangu, hivi hii mashine ni ya nani?"

Jibu la kisheria lilikuwa linauma. Mashine ni ya kampuni, kampuni ni ya wanahisa wawili, mmoja amefariki kwa iyo nusu ya hisa ni mirathi, na wale kumi na nne waliokuwa wanachoma vifuu kila siku kwenye makaratasi hawapo. Tulimaliza kwa kuelewana na wale vijana, hisa zikahamishwa, ila ilichukua zaidi ya mwaka na pesa za wakili zilitoka kwenye hela ya mkaa. Ndo maana nasema swali la yule mama mliulize siku ya kwanza kabla hamjagusa fomu yoyote: vitu ni vya nani, mtu akifa au akihama au mkigombana vinabaki kwa nani? Ongeza na mengine mawili, hela ya kuendeshea inatoka wapi (wateja, wafadhili, mkopo, au mchanganyiko) na ikibaki inaenda wapi. Mkijibu hayo matatu kwa uaminifu, kuchagua muundo kunakuwa rahisi sana.

Jambo moja mlijue mapema, hapa kwetu hakuna sheria ya biashara ya kijamii peke yake. Rwanda kwenye sheria yao ya kampuni ya 2021 wameweka aina ya kampuni ya manufaa ya jamii, Uingereza wana ya kwao tangu 2005 ambayo mali zake zimefungwa kisheria zisiishie mifukoni mwa wenye kampuni. Sisi bado. Kwa iyo lolote utakalochagua ni muundo uliotengenezwa kwa ajili ya mambo mengine, na yale ya kijamii mtayaandika wenyewe kwenye katiba. Msipoyaandika hayapo, hata kama mioyoni mwenu yapo.

Tukianza na kampuni ya hisa. Hii inasajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni), yote mtandaoni siku hizi, chini ya Sheria ya Kampuni ya 2002. Inawafaa kama hela kubwa inatoka kwa wateja na mnataka siku moja mwekezaji aingie au benki iwakopeshe. Kampuni ni mtu kisheria, inamiliki, inashtaki na kushtakiwa, inaingia mikataba kwa jina lake, na ikishindwa kulipa madeni mwanahisa kwa kawaida anapoteza alichoweka kwenye hisa tu, nyumba yake haiguswi, labda kama aliiweka dhamana mwenyewe au alifanya udanganyifu. Wengi wanaoogopa kampuni wanadhani kampuni lazima igawane faida. Hapana. Sheria haiwalazimishi kugawana, mnaweza kuandika kwenye katiba ya kampuni (ile MEMART) kwamba theluthi mbili ya faida inarudi kwenye kazi ya jamii, kwamba kampuni ikifungwa mali inayobaki inaenda kwa taasisi yenye lengo kama hili, kwamba mwanahisa akifariki au akiacha kazi hisa zake zinanunuliwa na wenzake kwa bei ya namna fulani. Hicho kipengele cha mwisho kingewaokoa wale mama wa Pangani na hakizidi mistari mitano.

Ila kuna mtego hapo. Katiba ya kampuni inabadilishwa kwa azimio maalum, robo tatu ya kura zilizopigwa. Maana yake leo mmeandika faida irudi kwa jamii, kesho mwenye hisa asilimia 80 akiamka vibaya anafuta kipengele chote na hamna cha kumfanya. Dawa yake ni kutengeneza daraja la pili la hisa, hata iwe hisa moja tu, isiyo na gawio, ishikwe na NGO au bodi ya wadhamini mnayoiamini, na katiba iseme vipengele hivi na hivi havibadilishwi bila idhini ya mwenye hisa hiyo. Hapo mkitaka wakili mtafuteni, hela ya wakili hapa haipotei. MEMART ya kudownload haina kitu kama hicho, ile imeandikwa kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi.

Ubaya wa kampuni uko kwenye kodi na makaratasi. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, haijali nia yako ni njema kiasi gani, na hesabu lazima zipitiwe na mhasibu mwenye sifa kila mwaka hata kama mwaka mzima mmeuza viroba ishirini. Ule utaratibu wa kukadiriwa kodi kwa mauzo ni wa mtu binafsi mwenye biashara ndogo, kampuni haiingii humo. Alafu kuna taarifa ya mwaka ya BRELA, watu wanaisahau sana hii mpaka adhabu inajikusanya miaka mitano, siku wanataka kubadilisha mkurugenzi mfumo unawagomea. Na wafadhili wengi kuipa kampuni ruzuku wanasita, wanaona wanamtajirisha mtu.

Hapo ndo watu wanakimbilia NGO.

NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, inasajiliwa kwa Msajili wa NGOs chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, sheria ni ile Na. 24 ya 2002, na unaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya au mkoa wenu. Kuna ngazi, wilaya, mkoa, taifa, kimataifa, na nawasihi msichague taifa kwa sababu jina linapendeza kwenye kadi, chagua mnapofanyia kazi kweli maana na ada na maswali vinapanda na ngazi. Cheti kikitoka NGO nayo inakuwa na nafsi yake kisheria, inamiliki mali kwa jina lake, wanachama wakibadilika mali inabaki. Tangu mabadiliko ya 2019 cheti kinadumu miaka 10, unaomba upya.

Msingi wa NGO ni kwamba faida haigawanywi, nukta. Mnaweza kuuza vitu kutafuta fedha za shughuli, sheria inaruhusu, mnaweza kulipana mishahara ya kazi mnayofanya, lakini mwisho wa mwaka kilichobaki hakigawanywi kwa waanzilishi, iwe kwa jina la gawio au bonasi au "shukrani". Kwa wale mama wa mkaa ambao wanataka mwezi wa kumi na mbili kila mmoja apate chake, NGO ingewabana au ingewafundisha kudanganya, na yote mawili mabaya. Yaani hii ndo sehemu nakereka nayo zaidi, watu wazima na akili zao wanasajili NGO wakijua wanataka biashara, alafu miaka mitatu wanaandika ripoti za uongo kuficha faida waliyoipata kihalali.

Na mtu asiwaambie NGO hailipi kodi. Cheti cha msajili hakikupi msamaha. Msamaha unauomba TRA (mamlaka ya mapato), Kamishna Mkuu akutambue kama taasisi ya hisani kwa uamuzi wa maandishi, na sheria ya kodi ya mapato inataka kazi yako iwe ya umma ya aina maalum, kuondoa umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, huduma za afya, maji, au barabara kwa umma. Kuuza mkaa mbadala kwa wapishi wa chipsi kunaingia humo kwa shida, itabidi uonyeshe vizuri faida inaenda wapi. Na hata ukipewa hiyo hadhi, bado unakata PAYE (kodi ya mshahara) ya wafanyakazi, bado unazuia asilimia 10 ya kodi ya pango unapomlipa mwenye nyumba, unapeleka TRA. Wengi wamedakwa hapo hapo kwenye pango. Kuna na uwazi wa fedha, kanuni za 2018 zinataka ufadhili unaozidi milioni 20 utangazwe na mkataba wake upelekwe kwa msajili na Hazina, kwa iyo mfadhili akisaini usikae na karatasi kwenye droo.

Kitu kingine kinachopoteza watu ni makala za zamani. Utakuta mtu kaandika sajili kampuni yenye ukomo wa dhamana BRELA, haina hisa, ni kama NGO ila nafuu. Ilikuwa kweli. Mwaka 2019 bunge likapitisha sheria Na. 3 ya marekebisho ya sheria mbalimbali, ikazibana kampuni za dhamana zibaki kwenye mambo ya kukuza biashara, uwekezaji na mengine atakayotaja waziri, na zile zilizokuwa zinafanya kazi za NGO zikapewa miezi miwili kuhamia kwa msajili wa NGOs. Watu walikimbizana mwaka ule sio mchezo. Kwa iyo ushauri wowote wa kabla ya 2019 kuhusu kampuni ya dhamana muuache, labda kama nyinyi ni umoja wa wafanyabiashara.

Ushirika sasa. Huu naupenda na naona watu wanaudharau kwa sababu ya historia, wazee wetu walishapoteza pamba na kahawa zao kwenye vyama vilivyoliwa, siwalaumu. Ila kwa muundo wenyewe, ukiuliza biashara inayomilikiwa na wanaoifanya ifananeje, ni huo. Mwanachama mmoja kura moja, awe na hisa mbili au mia. Ziada inagawanywa kihalali, sehemu inaenda akiba, na mwanachama akifariki kuna utaratibu wa mrithi kulipwa hisa zake bila kubeba nusu ya mashine. Sheria ni Na. 6 ya 2013, msimamizi ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika kule Dodoma, na mlango wako ni afisa ushirika wa halmashauri. Mnahitaji watu wa kutosha, chama cha mazao ni kuanzia ishirini, vyama vya ujuzi maalum wanaanzia kumi, mnaandika masharti, mnafanya mkutano wa waanzilishi wenye muhtasari uliosainiwa, na mnapeleka andiko la upembuzi kuonyesha biashara inalipa. Hilo andiko ndo linawakwamisha wengi, ila kwa kweli kama hamuwezi kuonyesha kwenye karatasi kwamba mkaa unalipa, basi ni vizuri mmejua mapema. Udhaifu wake ni mwendo, maamuzi ni ya mkutano, mrajis (msajili wa vyama vya ushirika) ana mkono mrefu juu yenu, na mwekezaji wa nje hana pa kukaa.

Wale mama baada ya yote yale walichagua huku. Waliongeza wenzao wa kijiji cha jirani wanaokusanya vifuu, idadi ikatimia, na mashine ikahamishwa kutoka kwenye kampuni kwenda kwenye chama kwa hati ya makabidhiano.

Kama ndo mnaanza kabisa na hamjui hata kama bidhaa inauzika, msijisumbue na yote hayo, sajilini kikundi halmashauri. Mnahitaji katiba, muhtasari, orodha ya wanachama na barua ya mtendaji, mnafungua akaunti ya kikundi, na mnaweza kuomba ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ila kikundi ni cha kuanzia. Hakina nguvu ya kampuni au ushirika ya kusimama kama mtu kisheria, kwa iyo kiwanja mara nyingi kinaandikwa jina la mwenyekiti, na jina la mwenyekiti kwenye hati ya kiwanja ni kesi inayosubiri tarehe. Mkianza kumiliki kitu kikubwa kuliko meza na viti, hameni.

Bodi ya wadhamini inayosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) nitaipita haraka, ni nzuri kwa kushika mali ya muda mrefu kama shule, zahanati au ardhi ya taasisi, lakini sio chombo cha kuendeshea biashara ya kila siku.

Na je kama mna vyote viwili, wateja wanaolipa na wafadhili wanaotaka kuwafundisha vijana? Hapo wengi wanaishia na NGO inayomiliki hisa za kampuni. NGO inapokea ruzuku, inafundisha, kampuni inauza, inalipa kodi yake, na gawio linapanda juu kwa NGO kufanya kazi ya jamii. Unafanya kazi vizuri huu muundo lakini unataka nidhamu ya kweli kweli. Akaunti mbili. Vitabu viwili. Bodi zisiwe watu wale wale wote. Gari la NGO likibeba mzigo wa kampuni, kampuni ilipe kwa bei ya soko na risiti iwepo, na wafanyakazi wanaofanya kote kuwe na karatasi inayosema siku ngapi huku siku ngapi kule. Nimeona taasisi moja nzuri tu ikisimamishiwa ruzuku kwa sababu dizeli ya jenereta la kampuni ilikuwa inatoka kwenye bajeti ya mradi wa mafunzo, kiasi chenyewe kidogo, hakuna aliyeiba, ni uzembe wa kutotenganisha. Kama hamna mhasibu wa kudumu msianze na huu, anzeni na kimoja, kingine kitakuja.

Mkishaamua, utaratibu wa kukaa chini uko hivi. Kusanyeni watu wote, wote kabisa sio viongozi, kila mtu aseme kwa mdomo wake anatarajia kupata nini mwisho wa mwaka, mtu aandike. Mtashangaa. Mmoja anadhani ni kazi ya kulipwa mshahara, mwingine anadhani ni sadaka, mwingine anajua anajenga mali ya wanae. Hayo yamalizeni kabla ya fomu. Alafu kila mwanzilishi ashughulikie namba ya NIDA na TIN yake, kama mmoja hana msubirini, msifanye kosa la Pangani la kuandika wachache kwa sababu ya haraka ya mfadhili, mwambieni mfadhili ukweli, wengi wanaongeza muda wakiombwa vizuri kwa barua. Kwa kampuni mtaulizwa pia wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika nyuma ya hisa, na hapo msiweke jina la kaka wa fulani kama kivuli, ni kosa kisheria.

Katiba isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote, hata kama nakala ya kupeleka ni ya Kiingereza. Kipengele kwa kipengele, hasa vile vya mtu kufa, kuhama, kufukuzwa, na mali kugawanywa mkifunga. Mkiona aibu kuzungumzia kifo cha mwenzenu akiwa amekaa pale, mpeni mzee wa heshima awasomee, kwake inakuwa rahisi.

Cheti kikitoka kazi inaendelea wiki hiyo hiyo: TIN ya taasisi, akaunti ya benki yenye watia saini watatu ambao si ndugu, leseni ya biashara halmashauri kama mnauza, TBS (shirika la viwango) kama bidhaa inahusika, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) mkishavuka mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Walioko Zanzibar sheria zenu na ofisi zenu ni tofauti, msifuate haya kwa jumla. Ndugu zetu wa Kenya pia, kwenu sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kazi Mei 2024, muanzie huko.

Mwisho chukueni karatasi ya manila, andikeni kwa maka pen tarehe zote za mwaka, taarifa ya BRELA au ya msajili, makadirio ya TRA, mkaguzi, mkutano mkuu, na jina la mtu anayehusika na kila moja, mbandike ukutani pale pale mnapofanyia kazi. Kule Pangani imebandikwa juu ya sufuria la uji, imeshaanza kuwa ya kahawia kwa moshi, na kila tarehe iliyopita ina alama ya vema.